Pumzi za Iten na nta ya Norwei: jibu kwa kocha aliyeuliza habari za mbio za skii

Kocha mmoja wa riadha wa shule ya upili huko Elgeyo Marakwet ameniandikia hivi: "Nilikuwa bado mtoto Philip Boit alipokwenda Nagano mwaka 1998. Kijijini watu walicheka wiki nzima kwamba Mkalenjin amekuwa wa mwisho kwenye mbio. Sasa nina vijana wanaokimbia nyika vizuri, na mmoja wao ameona video za skii kwenye simu, kila siku ananiuliza kama anaweza. Naomba unieleze mchezo huu ulianzaje hadi ukawa wa mashindano, na kwa nini pumzi zetu hazikutosha."

Kocha, salamu nyingi. Mimi mzaliwa wa Tanga, penye joto la kuyeyusha nta ikiwa kabatini, lakini nilisomea fiziolojia ya michezo Norwei na nikakaa huko majira tisa ya baridi. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyosoma, na pia kwa ushahidi wa magoti yangu.

Tuanze na saa, maana wewe ni mtu wa saa. Tarehe 12 Februari 1998, katika mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Bjørn Dæhlie wa Norwei alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25.5, akiwa wa 92 na wa mwisho. Dæhlie alikataa kuondoka. Sherehe ya medali ikangoja, na bingwa akasimama pale kwenye mstari hadi Mkenya alipoingia, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Hayo wengi wanayajua. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyechukua shaba Munich 1972, na kwamba theluji aliikanyaga kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kampuni ya Nike ilipomgharimia yeye na Henry Bitok kwenda kujifunza Ufini. Miaka miwili tu! Mpe kijana wa Oslo miaka miwili ya kujifunza Kiswahili, kisha umpeleke kwenye malumbano ya mashairi Lamu, uone kama utamcheka.

Dakika 20 zile hazikuwa za mapafu. Zilikuwa za ubao, yaani skii yenyewe, ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa mguuni kutelezea theluji, na historia ya mchezo huu yote ni habari za ubao huo: nani aruhusiwe kuuvaa, upakwe nini, usukumwe namna gani. Kila mara mtu alipogundua njia ya kwenda kasi zaidi, wazee wa mchezo waliketi kikao kuamua kama njia hiyo bado ni skii.

Kabla ya kuwa mchezo, skii ilikuwa kama mtumbwi kwetu. Ilikuwa chombo cha safari. Skii iliyofukuliwa Kalvträsk, kaskazini mwa Uswidi, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wawindaji, wachungaji wa kulungu wa kaskazini na wakusanya kodi wote walitembea nazo, kwa sababu bila ubao mtu huzama kwenye theluji hadi kiunoni. Sehemu nyingi za Uswidi na Ufini watu walivaa jozi isiyolingana: mguu mmoja skii ndefu ya kutelezea, mguu wa pili skii fupi iliyowambwa ngozi yenye manyoya kwa chini ili isirudi nyuma mtu anapojisukuma, na mkononi fimbo moja tu. Iweke akilini picha hiyo ya mguu wa kuteleza na mguu wa kung'ata. Nitairudia.

Mbio mbili kubwa za leo zimejengwa juu ya visa vya safari. Mwaka 1206, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Norwei, wapiganaji wawili wa kundi la Birkebeiner walimbeba mtoto wa kifalme, Håkon Håkonsson, wakavuka naye milima kwa skii asiuawe. Jina la kundi lilitokana na ufukara wao: walijifunga magome ya miti miguuni badala ya viatu. Tangu 1932 hufanyika mbio za kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mshindani hubeba mkoba wa kilo 3.5 mgongoni, uzito wa yule mtoto. Anayefika na mkoba mwepesi hupoteza matokeo yake. Uswidi nako, majira ya baridi ya 1520 kuingia 1521, Gustav Vasa aliwataka watu wa Mora waasi dhidi ya mfalme wa Denmark, wakasita, akaondoka kuelekea Norwei. Baadaye wakabadili mawazo, wakatuma watelezaji wawili wakamfikia Sälen na kumrudisha. Mwaka 1922 njia hiyo ya Sälen hadi Mora, kilomita 90, ikawa mbio za Vasaloppet. Walianza watu 119, na Ernst Alm, kijana wa miaka 22, akashinda kwa saa 7 na dakika 32. Siku hizi washindi hutumia nusu ya muda huo, na usidhani wanadamu wamekuwa bora mara mbili. Ubao, nta na njia ndivyo vilivyobadilika.

Mashindano yenyewe yaliletwa na jeshi. Norwei ilikuwa na vikosi vya askari wa skii, na mwaka 1767 wakapangiwa zawadi za fedha: kulenga shabaha huku ukiteleza, kushuka mteremko bila kuanguka, na mbio za karibu kilomita 3 ukiwa na bunduki na mizigo yote. Hapo tayari unayaona matawi ya baadaye, maana ule mchezo wa skii na bunduki ambao leo una mashindano yake una mzizi uleule. Raia walichelewa. Mbio za kwanza za raia zilizotangazwa gazetini zilifanyika Tromsø, Machi 1843.

Lakini nikikuchagulia siku moja ambayo naona skii ilivuka kutoka safari kwenda mashindano, nitachagua kisa cha Msami mmoja, Pavva Lars Tuorda (Wasami ndio wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia). Mwaka 1883 mpelelezi Adolf Erik Nordenskiöld aliingia bara la barafu la Grinlandi, akakwama. Akawatuma Tuorda na mwenzake Anders Rassa waende mbele kwa skii. Walirudi baada ya saa 57, wakasema wamekwenda kilomita 230 na kurudi kilomita 230. Ulaya ya wasomi ikacheka. Nani atembee kilomita 460 kwa muda huo? Nordenskiöld, ambaye heshima yake nayo ilikuwa mashakani, akaandaa mbio Aprili 1884 kutoka Jokkmokk kuelekea Kvikkjokk na kurudi, kilomita 220. Tuorda, mtu wa makamo, akashinda kwa saa 21 na dakika 22, na vituo vya kupumzika vikiwemo. Masafa ya Grinlandi bado yanabishaniwa, lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kusema kwamba haiwezekani. Kwa mtu wa Iten kisa hiki hakihitaji ufafanuzi: wenyeji wa jambo wanasema wamelifanya, na mgeni anataka saa ya kupimia.

Miaka minne baadaye, 1888, Fridtjof Nansen na wenzake watano, wawili wao Wasami, walivuka Grinlandi kwa skii kutoka mashariki hadi magharibi. Norwei wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi na ilikuwa ikitafuta kitu cha kujivunia kama taifa. Ikapata skii. Mashindano ya Holmenkollen, juu ya mji wa Oslo ambao enzi hizo uliitwa Kristiania, yalianza 1892, na hadi leo kilomita 50 za pale ndizo Mnorwei anazoota kuzishinda. Wana usemi kwamba wao huzaliwa na skii miguuni. Wakunga wao nawaonea huruma.

Cha ajabu, watu hao hao ndio waliopinga Olimpiki ya majira ya baridi. Nchi za kaskazini zilikuwa na michezo yao, zikaogopa wengine kuwaharibia. Ilipofanyika Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924, haikuitwa hata Olimpiki, iliitwa wiki ya michezo ya majira ya baridi, na hadhi ya Olimpiki ikapewa baadaye. Zilikuwepo kilomita 18 na kilomita 50, na Thorleif Haug wa Norwei akashinda zote mbili. Kwenye kilomita 50 Wanorwei walishika nafasi ya kwanza hadi ya nne. Baada ya hapo upinzani ukapoa, sijui kwa nini! Siku zilezile za Chamonix ndipo lilipoundwa shirikisho la kimataifa la skii, FIS, ambalo ndilo lile baraza la wazee nililokutajia.

Kwa miaka 30 hivi dhahabu karibu zote zilizunguka Norwei, Uswidi na Ufini. Mwaka 1954, mjini Falun, Warusi wakaja kwenye mashindano ya dunia, na Vladimir Kuzin akachukua kilomita 30 na 50. Wenyeji wakaishiwa maneno.

Sasa twende kwenye ubao wenyewe, maana hapa ndipo Boit alipoachwa.

Chukua skii ya mtindo wa kale, ule wa kwenda mbele hatua kwa hatua kwa kukanyaga, uiweke sakafuni. Utaona katikati imeinuka kama upinde. Mtu akisimama na miguu yote miwili, uzito ukigawanyika, ile sehemu ya kati haigusi theluji, na ncha mbili zinateleza. Akiweka uzito wote mguu mmoja na kukanyaga kwa nguvu, upinde unalala na sehemu ya kati inashika theluji. Pale katikati hupakwa nta ya kushika, nchani hupakwa nta ya kuteleza. Ni ile jozi ya kale isiyolingana, mguu wa kung'ata na mguu wa kuteleza, imeunganishwa kwenye ubao mmoja, na kazi ya kuchagua kati ya kung'ata na kuteleza imeachiwa mwili wako, mara elfu kadhaa katika kilomita 10.

Na nta si moja. Theluji mpya ya baridi kali ina chembe zenye ncha kali, inataka nta ngumu ili chembe zichome kidogo tu na kuachia. Theluji iliyokanyagwa na kuloa ina chembe za mviringo, inataka nta laini, na ikishayeyuka na kuganda tena hutumiwa gundi nzito inayonata hadi kwenye mpini wa mlango wa nyumba yako. Msweden Martin Matsbo, aliyekuwa mtelezaji wa Olimpiki, alikuwa nyuma ya nta za Swix zilizoingia sokoni 1946 zikiwa na rangi za kuongoza watu: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya wastani, nyekundu kwa theluji yenye maji. Kabla ya hapo kila familia ilikuwa na mchanganyiko wake wa lami ya msonobari na mengine ya siri, kama waganga.

Nakumbuka Januari yangu ya kwanza, Trondheim, chini ya nyumba niliyopanga. Mwenye nyumba, mzee wa miaka 70 na ushee, alifungua dirisha dogo, akatoa mkono nje, akaokota theluji, akaifinyanga kiganjani. Haikushikana. "Buluu," akasema. Akaipaka nta katikati ya skii kama mtoto anavyopaka krayoni, akachukua kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, na kukisugua kwa kasi hadi nta ikapata joto na kung'aa, akaongeza tabaka la pili, la tatu. Tulitoka. Yeye akapanda kilima kama anapanda ngazi. Mimi nikakanyaga, skii ikarudi nyuma, nikaanguka na uso. Nta ilikuwa ileile, kazi ya mkono mmoja. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nasukuma nikiwa nimechelewa, mguu ukiwa tayari umepita nyuma ya mwili, kama mkimbiaji. Mtoto wa chekechea akanipita akiimba. Alasiri jua lilipotoka, theluji ikaanza kugandamana chini ya skii zangu, nikawa natembea juu ya mabonge kama mtu aliyevaa viatu vya mchuchumio kwa mara ya kwanza kwenye arusi. Mzee akakwangua nta yote, akapaka nyingine. Hivyo ndivyo siku moja inavyokula nta mbili.

Sasa fikiria mashindano ya dunia. Timu kubwa huja na lori zima la nta, na mafundi wanaopima makumi ya jozi tangu alfajiri. Kwa miaka mingi nta ya kuteleza ilitiwa kemikali za florini, zilizofanya maji yakimbie ubao kama yanavyokimbia jani la myugwa. Zilikuwa na kasi ya ajabu, ghali mno, na zilibaki ardhini na kwenye damu ya mafundi wenyewe bila kuoza. FIS ilizipiga marufuku kikamilifu kuanzia msimu wa 2023–24, na sasa skii hupimwa kwa mashine kabla ya mbio. Kwa maoni yangu hiyo ni sheria bora kuliko zote walizotunga kwa ajili ya nchi maskini, ingawa hawakuitunga kwa ajili yetu.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, haukuwa wa nta. Mwaka 1974, Falun tena, Thomas Magnusson wa Uswidi alishinda kilomita 30 kwa skii za faibaglasi, na mbao za miti zikawa za ukutani ndani ya misimu michache. Skii zikawa nyepesi, na mashine zikaanza kuitandaza theluji ikawa pana na ngumu kama barabara. Katika hali hiyo Mfini Pauli Siitonen, kwenye mbio zake ndefu, akaacha mguu mmoja kwenye mfereji wa njia na kuusukuma mwingine pembeni, kama mtu wa viatu vya magurudumu. Mmarekani Bill Koch akaichukua mbinu hiyo na mwaka 1982 akatwaa Kombe la Dunia. Mwaka huohuo watu walikuwa bado wanauliza kama inaruhusiwa, na kufikia mashindano ya dunia ya Seefeld, 1985, karibu kila mtu alikuwa anasukuma pembeni, wengi bila nta ya kushika kabisa.

Wazee waliogopa. Walijaribu kutenga maeneo ya marufuku njiani, wakaweka vizuizi, haikusaidia. Fikiria wewe mwenyewe, kocha, kwamba kesho mtu avumbue njia ya kukimbia kwa kuruka pembeni, iwe na kasi kuliko kukimbia. Utaizuia? Utaiita riadha? Uamuzi wao ulikuwa wa busara ya kitanda kimoja kulala wawili: kuanzia msimu wa 1985–86 mbio zikagawanywa, mtindo wa kale siku yake na mtindo huru, ule wa kusukuma pembeni, siku yake, na Calgary 1988 ikawa Olimpiki ya kwanza kufuata mgawanyo huo. Boit, miaka kumi baadaye, alipangiwa mtindo wa kale, ule wa kukanyaga na kung'ata, ambao mgeni hujifunza kwa machozi zaidi.

Na usidhani ugomvi umekwisha. Siku hizi watelezaji wa mtindo wa kale wana mikono mizito kiasi kwamba wanaweza kujisukuma kwa fimbo mbili tu, mwili ukikunjwa na kukunjuliwa, bila kupiga hatua hata moja. Washindi wa Vasaloppet humaliza kilomita zote 90 namna hiyo, chini ya skii hakuna hata tone la nta ya kushika. FIS ikaona mtindo wa kale unakufa, ikaamuru kuanzia msimu wa 2016–17 kwamba katika mtindo huo fimbo zisizidi asilimia 83 ya urefu wa mtelezaji, na ikarudisha maeneo ya kulazimisha hatua. Ni sheria ya kulinda kumbukumbu. Mimi naiunga mkono, lakini naelewa anayeicheka.

Saa nayo ina kisa. Kwa muda mrefu watelezaji walianza mmoja mmoja, kila nusu dakika, na kila mtu akipigana na saa peke yake msituni. Olimpiki ya Lake Placid 1980, kilomita 15, Thomas Wassberg alimshinda jitu la Kifini, Juha Mieto, kwa sekunde 0.01. Baada ya dakika 41 na sekunde 57! Watu waliona aibu, na FIS ikaacha kupima kwa mia ya sekunde, ikarudi kwenye sehemu za kumi. Televisheni haikupenda msitu na saa, ilitaka watu wakikabiliana, ndipo zikaingia mbio za kuanza kwa pamoja na mbio fupi za kilomita moja na kitu ambamo watelezaji sita hushindana kwa makundi. Zote mbili ziliingia Olimpiki mwaka 2002.

Wanawake waliwekwa nyuma kwa makusudi. Margit Nordin alimaliza Vasaloppet 1923, na mwaka uliofuata wanawake wakapigwa marufuku, marufuku iliyodumu hadi 1981. Olimpiki iliwapa kilomita 10 mwaka 1952 mjini Oslo, Lydia Wideman wa Ufini akashinda. Hata hivyo walilazimika kungoja hadi Mei 2022 FIS ilipopiga kura masafa yawe sawa kwa wote, na Machi 2023 wanawake wakateleza kilomita 50 za Holmenkollen kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kumbuka kwamba Marit Bjørgen alikuwa ameshastaafu na medali 15 za Olimpiki, zaidi ya mwanamume yeyote wa mchezo huu, ndipo kura hiyo ikapigwa.

Umeuliza habari za pumzi, nami sitaikwepa. Huu ni mchezo unaotegemea damu inayobeba oksijeni kuliko michezo mingi. Eero Mäntyranta, Mfini aliyeshinda kilomita 15 na 30 kwenye Olimpiki ya 1964, alizaliwa na badiliko la jeni lililomfanya awe na hemoglobini ya zaidi ya gramu 200 kwa lita, na ndugu zake kadhaa hali kadhalika. Wenye damu ya kawaida walijaribu kuifikia kwa njia nyingine: kwenye mashindano ya dunia ya 2001 mjini Lahti, Ufini, mbele ya mashabiki wao wenyewe, Wafini sita walikamatwa na dawa ya kuificha damu iliyoongezwa nguvu. Nchi ililia. Kwa Kenya ya miaka hii, hiyo si hadithi ya mbali.

Hemoglobini na mapafu vijana wako wanavyo, na Iten iko mita 2,400 juu ya bahari, wakati sheria ya FIS hairuhusu njia ya mbio kupita juu ya mita 1,800. Kwa hiyo hewa ingekuwa upande wao. Kwenye vilima, ambako zaidi ya nusu ya muda wa mbio hutumika, moyo wao ungetosha. Hata kukimbia kumerudi kwa mlango wa nyuma: Johannes Høsflot Klæbo, aliyechukua dhahabu zote sita za wanaume kwenye mashindano ya dunia ya Trondheim 2025, hupanda vilima vikali vya mtindo wa kale kwa vihatua vya kukimbia, skii zikiwa miguuni, na wapinzani hubaki wakimtazama mgongo.

Kinachokosekana ni mikono na miaka. Mkimbiaji wa nyika huibeba mikono yake kama mizigo, kadiri ilivyo myepesi ndivyo afadhali. Mtelezaji hula na mikono yake. Mabega, mgongo na tumbo hufanya kazi hadi mwisho, na mwili wa mkimbiaji wa Iten, ule mwembamba wa kupendeza, hauna misuli hiyo. Inajengwa, lakini kwa miaka. Na ule muda wa kukanyaga, sehemu ndogo ya sekunde ambayo mimi niliikosa mbele ya mtoto wa chekechea, huingia mwilini utotoni kama lafudhi. Boit alianza na miaka zaidi ya 24. Alirudi tena Olimpiki za 2002 na 2006, jambo ambalo waliomcheka kijijini nadhani hawakulijua.

Basi huyo kijana wako. Kama ana miaka 17 na anaota medali, mwambie ukweli. Kama ana miaka 10 au 12, au kama anataka tu kuujua mchezo, pa kuanzia ni skii za magurudumu, ambazo mabingwa wote hufanyia mazoezi kiangazi chao chote kwenye lami. Mtafutie za mtindo huru kwanza, hazihitaji nta wala kung'ata. Mtafutie fimbo zinazomfika kati ya kidevu na midomo, kofia ngumu, glavu na vilinda magoti. Wiki mbili za mwanzo ajisukume kwa fimbo tu, miguu imetulia, kwenye kipande cha barabara tambarare asubuhi kabla ya matatu kuanza, dakika 20 kwa siku, na umwangalie mgongo: akikunja kiuno vizuri atachoka tumbo, akikunja vibaya atachoka mabega. Baada ya hapo apande vilima, umpakie kwenye gari, umrudishe chini, apande tena. Barabara ya kuteremka Kabarnet asiifikirie kabisa. Skii nyingi za magurudumu hazina breki.